Tisa Nukta Tatu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepungua uvimbe, na shemeji amepona kikohozi chake, au walau ameacha kukohoa makusudi kila anapoambiwa akachote maji. Ukitaka kujua hali yangu, mwili haujambo. Nakula, nalala kiasi, na meno yangu yote yapo isipokuwa lile uliloning'oa wewe kwa uzi na kitasa cha mlango. Zaidi ya mwili usiniulize kwanza, nitafika huko mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa maabara. Ni Jumamosi mchana, shule tupu, na bomba la sinki la tatu linadondosha maji kama kawaida yake, miaka ishirini na mbili sasa nalirekebisha na linanishinda. Barua hii nimeianza mara sita. Tano nimezichoma kwenye jiko la gesi hapahapa. Hii ya sita hata ikiharibika nitaituma hivyohivyo.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisema Sindano asikanyage kwako mpaka atamke kwa kinywa chake ni nani alimpa ile namba. Wa pili ulisema hukuzaa mwizi wa mitihani. Wa tatu ulinishukuru mimi kwa kumvumilia na kuendelea kukaa naye baada ya aibu ile. Huo wa tatu, dada, ndio ulionikata maini.

Nianze na habari zake, maana najua hutaki kuuliza na unataka kujua. Binti yako anafua mashuka hospitalini. Anaingia alfajiri, anatoka alasiri, vidole vimechanika kwa magadi na maji ya moto. Dirisha la chumba cha kufulia linatazamana na chuo cha wauguzi, kilekile alichokuwa ameshapata nafasi kwa sharti moja tu, kwamba afaulu kemia. Sare za wanafunzi wa chuo hicho zinapita mikononi mwake kila wiki. Anazijua kwa madoa. Unakumbuka tulivyompa jina la Sindano, alivyokuwa akiyadunga mapapai yako kwa mwiba huku akiyabembeleza yasilie? Sasa mapapai wanadunga wengine, yeye anafua.

Najua wewe husema kemia ni moshi na harufu mbaya. Leo nivumilie, maana bila kukueleza jambo hili kwa utaratibu hutanielewa, na nataka unielewe hata kama baadaye hutataka kuniona.

Kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi tunakiita maada. Maada yote imejengwa kwa atomi, chembe ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona. Kila elementi ina atomi za aina yake, na kila aina ina uzito wake, na uzito huo haubadiliki kwa kumwogopa mkuu wa shule wala kwa kumwonea mtu huruma. Ndicho kilichonifanya niipende kazi hii. Nyumbani tulikuwa watu wa kukadiria, sukari kiganja, chumvi kiasi, mafuta mpaka moyo uridhike. Mimi peke yangu nilikuwa nasawazisha kijiko cha sukari kwa mgongo wa kisu, mkanicheka mpaka mkaniita Bwana Vipimo. Nikaja huku, nikakuta mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, nikasema hapa ndipo kwetu.

Basi, mtihani wa vitendo ulikuwa hivi. Mimi mtunza maabara natengeneza maji ya magadi, napima gramu zilizoandikwa kwenye maelekezo na kuziyeyusha kwenye lita za maji. Kila mtahiniwa anachota kipimo kimoja cha maji hayo, anatia tone la rangi ya njano, kisha anadondosha asidi kutoka kwenye bureti, yaani ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari, mpaka njano igeuke. Anasoma asidi imetumika kiasi gani. Magadi yakiwa makali yanakula asidi nyingi, yakiwa mepesi yanakula kidogo. Kwa maelekezo ya safari ile, jibu lilipaswa kuwa karibu mililita ishirini na tano. Watahiniwa hawaambiwi.

Kuna utaratibu mmoja zaidi, na huu ushike vizuri. Mwalimu wa kemia naye anapima, kwa magadi yaleyale, kwenye chumba cha pembeni, na anafunga jibu lake ndani ya bahasha pamoja na karatasi za watahiniwa. Wasahihishaji wanafuata jibu la mwalimu. Maana yake ni kwamba hata dawa, yaani hayo maji ya magadi, ikitengenezwa vibaya, mtoto haumii. Akisoma sawa na mwalimu wake, amepata.

Siku hiyo Sindano alikaa meza ya mbele, akamaliza wa kwanza. Jioni tukiwa tunakunywa chai aliniambia amepata tisa nukta tatu. Alirudia mara tatu na ikaja karibu ileile. Alikuwa na wasiwasi kidogo kwa sababu kwenye mazoezi namba zilikuwa zinakuja kubwa zaidi. Nilimwambia kama ndicho alichokiona basi ndicho cha kuandika. Akafurahi. Akasema, "Mjomba, nimeandika nilichokiona tu." Mimi nikaendelea kuchovya mkate wangu. Nilidhani amesoma mistari vibaya kwa woga, nikajisemea litapita, ana maksi nyingine.

Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka ofisi ya mitihani. Watahiniwa arobaini na mmoja. Thelathini na wanane walikuwa wameandika tisa nukta mbili, nukta tatu au nukta nne. Watatu walikuwa wameandika ishirini na tano. Na jibu la mwalimu lililokuwa kwenye bahasha lilikuwa ishirini na tano kamili. Ofisi ikasema thelathini na wanane hawawezi kukosea kwa namna moja isipokuwa wamepeana namba. Matokeo yao ya kemia yakafutwa.

Wakaja watu watatu kuhoji. Waliuliza nani alimaliza kwanza, darasa zima likasema Sindano. Waliuliza nani alikuwa mbele ambapo wengine wanaweza kumwona, Sindano. Wakamkalisha kwenye kiti ofisini kwa mkuu wa shule, wakamuuliza namba ameitoa wapi. Akasema ameisoma kwenye bureti. Wakamuuliza tena, akasema hivyohivyo. Mkuu wa shule, mama mpole ambaye hapendi mzozo, akamsihi aseme tu ukweli wapunguziwe adhabu wenzake. Sindano akasema ukweli ndio huo. Wakaandika kwamba ni mkaidi. Wenzake waliruhusiwa kurudia mtihani mwaka unaofuata. Yeye, kama kinara wa udanganyifu, akafungiwa miaka mitatu, na chuo kikampa nafasi yake mtu mwingine. Ni mmoja wa wale watatu wa ishirini na tano, ambao hawakuiona hiyo ishirini na tano mahali popote. Walipiga hesabu ya kurudi nyuma kutoka kwenye jibu walilolitarajia, wakaiandika. Wadanganyifu wa kweli walikuwa hao, na ndio waliofaulu. Sare ya huyo msichana Sindano anaifua.

Hapo ndipo wewe ulipomfungia mlango. Sikulaumu. Uliambiwa na ofisi yenye mhuri, na mimi ndugu yako niliyekuwa humo ndani sikusema neno.

Kilichofuata ndicho kilichonivunja kabisa. Sindano alianza kutoyaamini macho yake. Alikuwa anasimama dukani anasoma bei, kisha ananiuliza mimi nasomaje. Anatia maji kwenye kikombe cha kupimia, anakiweka chini, anainama, anakitazama, anakimwaga, anaanza upya. Siku moja alikwenda kupimwa macho. Mpima macho akamwambia macho yake ni mazima, hata mashine yake ingetamani macho kama hayo. Alirudi nyumbani analia. Nikamuuliza kwa nini analia na habari ni njema. Akasema kama macho ni mazima, basi ni kichwa.

Mwezi uliopita alirudi kutoka kazini na bonge la magadi ya kufulia, yale yanayong'aa kama vioo. Unajua tabia yake, kila kitu lazima kipimwe. Akalipima kwenye mizani yangu ndogo ya jikoni, gramu ishirini, akaliweka kwenye kisosi dirishani. Baada ya wiki tatu za jua bonge lilikuwa limegeuka vumbi jeupe. Akalipima tena. Gramu tisa hazikutimia. Akaniletea kisosi mezani, akanieleza kama vile mimi ndiye mwanafunzi. Alisema hakuna mtu aliyegusa, hakuna kilichomwagika, kwa hiyo kilichoondoka ni maji yaliyokuwa ndani ya magadi yenyewe. Alisema magadi yako ya aina mbili, makavu na yale ya fuwele yanayobeba maji, na mtu akipima uzito uleule wa fuwele badala ya makavu, zaidi ya nusu anakuwa amepima maji.

Kisha akauliza, "Mjomba, yale ya mtihani hayakuwa haya?"

Nikamjibu, "Kopo liliandikwa makavu. Nililifungua mwenyewe."

Dada, kila neno katika jibu hilo ni kweli, na jibu zima ni uongo.

Sasa nimefika. Nimezunguka kurasa zote hizi kwa sababu nilikuwa naogopa kufika, lakini nimefika.

Magadi makavu yalikuwa yameisha. Mzigo mpya ulikuja kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, na mimi nina desturi yangu ya miaka yote, ambayo nimekuwa nikijisifia kwa kila mgeni. Kila dawa mpya naimimina kwenye kopo la zamani lenye jina lake, kwa sababu makopo ya zamani yana vifuniko vya maana. Nikamimina, mfuko nikautupa bila kuusoma. Kopo likasema makavu. Siku ya kupima nilikuta mabonge yanayong'aa. Niliyaona, dada, kwa macho haya. Nikasema ni unyevu tu. Nikayatia kwenye kinu, nikayatwanga mpaka yakawa unga, nikayapima kwa uangalifu mkubwa, mpaka gramu ya mwisho, nimeshika pumzi ili mizani isitikisike. Sijawahi kupima vizuri kama siku ile. Nilipima maji nikayaita magadi.

Hilo ni kosa, na kosa mtu anaweza kusamehewa. La pili si kosa.

Asubuhi ya mtihani mke wa mwalimu wa kemia alishikwa na uchungu, na mwalimu alitakiwa awe hospitalini. Aliniachia fomu yake akiwa ameshaweka sahihi, nafasi ya jibu ikiwa wazi. Akaniomba nimfanyie upimaji ule wa chumba cha pembeni, maana mkono wangu anauamini kuliko wake. Nikamwambia aende kwa amani. Nikaingia chumba cha pembeni. Bureti ilikuwepo, asidi ilikuwepo, magadi yalikuwepo. Ni kazi ya dakika kumi. Nikakaa kwenye kiti. Nikajisemea, ya nini kujichosha, dawa nimeitengeneza mwenyewe, mimi Bwana Vipimo, najua itakuja ngapi. Nikaandika ishirini na tano, nikafunga bahasha. Ile karatasi moja iliyowekwa makusudi ili kuwalinda watoto na mikono ya watu kama mimi, niliijaza nimekaa.

Kama ningedondosha asidi ile, ningeona tisa nukta tatu. Ningeandika tisa nukta tatu. Watoto wote thelathini na wanane wangepata, na wale watatu wangekosa.

Nilijua lini? Nilijua siku ileile barua ya ofisi iliposomwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya chumba. Uzito wa atomi za magadi makavu ukijumlishwa unakuja mia moja na sita. Wa fuwele, pamoja na maji yake, unakuja mia mbili themanini na sita. Nikapiga hesabu kwenye kiganja, ishirini na tano mara mia na sita, gawanya kwa mia mbili themanini na sita. Ikatoka tisa nukta tatu, bila hata kusukumwa. Siku hiyo tulikuwa na siku tisini za kukata rufaa. Nikajikaza kisabuni. Nilipoulizwa kama dawa ilikuwa sawa, nilisema jibu la mwalimu lenyewe ni ushahidi kwamba ilikuwa sawa. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakunipinga, maana angelazimika kukiri kwamba aliweka sahihi kwenye fomu tupu. Baadaye alihamishwa, akaondoka na mkewe na mtoto mchanga bila kuniaga.

Kwa nini nilinyamaza? Sina sababu ya maana. Niliogopa kufukuzwa, hilo lipo. Lakini zaidi niliona haya. Nimekuwa mtu wa kipimo maisha yangu yote, sina kingine. Sikusoma sana, sikuoa, sikujenga. Nilichonacho ni kwamba mkono wangu haukosei.

Juzi nilipiga moyo konde nikaenda ofisi ya mitihani na maelezo ya kurasa nne. Karani aliyasoma yote, kwa heshima, akaniuliza kama nimebakiza sampuli ya dawa ile. Sikubakiza. Niliimwaga alasiri ileile na kuosha vyombo vyote, kwa sababu mimi ni msafi. Akaniuliza kopo liko wapi. Nililitupa siku barua iliposomwa. Akaniambia karatasi za watahiniwa zimeshateketezwa, muda wa rufaa umepita, na bila kitu cha kupima maneno yangu ni maneno tu, tena ya mjomba wa mtuhumiwa. Akapiga mhuri kwamba yamepokelewa, akayaweka kwenye faili. Faili likarudi rafuni. Kufungiwa kwake kuko palepale. Mkuu wa shule nilipomweleza alifunga mlango, akaniomba nisilitaje jambo hili tena kwa ajili ya jina la shule, akanikumbusha kwamba nimebakiza miaka miwili nistaafu. Hata kufukuzwa sikufukuzwa.

Jana nilimwambia Sindano. Nilimkalisha mezani, pale alipoweka kisosi. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, sikupunguza. Nilitegemea atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama kweli ilikuwa tisa nukta tatu. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, polepole. Nikasema ndiyo, mwanangu, ulisoma sawasawa.

Akaanza kukusanya nguo zake. Anakwenda kukaa na mwenzake wa kufulia, chumba kimoja, wawili. Nikamwambia mama yako nitamwandikia kesho, akisoma barua yangu atakuita nyumbani. Alikuwa anafunga mfuko wake. Hakuinua kichwa.

"Wewe utaandika mara moja ataamini," alisema. "Mimi nilimwandikia hayohayo mara nne."

Chuo ameshaacha hata kukitaja. Miaka mitatu ikiisha atakuwa amepita umri wao wa kupokea, nimeshauliza. Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje wewe kwake, usimsubiri aje, kwa sababu hatakuja. Chumba chao kiko nyuma ya hospitali, mlango wa pili kutoka kwenye tangi la maji. Ukifika usimweleze chochote kuhusu mimi. Kama hatafungua, basi hatafungua, na utakuwa umejua nilivyokaa mimi jana usiku, nilipomfuata, mbele ya mlango uleule nimeshika kisosi.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Waambie sijambo. Uchunge huo mguu, usiutembeze sana isipokuwa kwa safari hiyo moja.

Ndani ya bahasha nimekunja kipande cha karatasi. Ni chake, cha siku ya mtihani, alichoandikia kwa penseli kabla ya kunakili. Nilikiokota chini ya meza yake nilipokuwa nafagia, na barua ya ofisi ilipokuja nilijua nilichonacho ni ushahidi kwamba alipima mwenyewe. Sikukionyesha kwa mtu. Kina mistari mitatu tu, kama barua yako. Tisa nukta tatu, tisa nukta tatu, tisa nukta mbili.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwita Bwana Vipimo.